Dashibodi ya Datsun si ya mbao

Jamani, leo naongea. Ami yangu hapa Bondeni ana Datsun 240Z, na dashibodi imepasuka nyufa tatu. Vijana wa nyumbani wanataka iwekwe mbao au ngozi, ati ipendeze. Mimi nakataa, na sababu yangu ni historia.

Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971, dereva Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ami alilipenda tangu utoto kwa ajili ya Mehta. Dashibodi yake ilitoka kiwandani ikiwa vinaili nyeusi juu ya sponji. Weusi ule una kazi: jua likipiga, haukuakisi mwanga kiooni. Ubaya wake, joto hutoa vilainishi vya vinaili, ikakauka, ikasinyaa, ikapasuka.

Ngozi nayo kwa jua letu hukauka. Mbao zinalifanya gari la harusi. Basi fundi wa viti aibandue ya zamani, aweke sponji mpya na vinaili nyeusi isiyong'aa, inayostahimili jua. Ikipasuka tena miaka ijayo, tutabadilisha tena, lakini gari litabaki lile lile la Safari.

Ami anaamua Ijumaa. Nyinyi mwamwambiaje?