Kwa Nini Kinshasa Ilimpenda Ali?

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, maelfu ya watazamaji waliimba kwa Kilingala: "Ali, boma ye!", yaani "Ali, muue!" Mabondia waliokuwa ulingoni, Muhammad Ali na George Foreman, wote walikuwa Wamarekani weusi. Foreman ndiye aliyekuwa bingwa, kijana wa miaka 25 aliyeshinda mapambano yake yote 40. Ali alikuwa na miaka 32. Kwa nini basi mashabiki walimchagua mkongwe?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni tabia. Ali, aliyepiga kambi N'Sele nje ya mji, alitaniana na kila mtu. Foreman alikuwa mkimya, na alikuja na mbwa mkubwa aliyewakumbusha wenyeji mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Tena pambano lilikuwa lifanyike Septemba, likaahirishwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini, na Ali akapata wiki kadhaa zaidi za kujenga urafiki. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Mcheshi hupendwa, si lazima aheshimiwe.

Heshima ya Ali ilitokana na kukataa. Mwaka 1964 aliliacha jina la Cassius Clay, akisema ni jina la utumwa. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, na hukumu yake ya kifungo ilifutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Watu waliotawaliwa na Wabelgiji hadi 1960 walijua gharama ya kukataa. Hata siku ile alishinda kwa kustahimili: aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka achoke, akamwangusha katika raundi ya 8.

Hata hivyo, tusisahau mwenye shughuli. Rais Mobutu alilileta pambano hilo ili dunia iione Zaire, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Hivyo watu wasioweza kumkatalia rais wao walimshangilia mtu aliyeikatalia serikali yake. Nadhani hapo ndipo penye siri ya mapenzi yale.

Mapenzi hayo yalipimwa mwaka 1980. Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zigomee Olimpiki ya Moscow. Alianzia Dar es Salaam, lakini Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimuuliza kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika walipogomea Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Wengine husema siku hiyo Afrika ilimwaibisha shujaa wake. Mimi naona ilimwelewa. Aliyependwa kwa kuikatalia serikali alikuja akiwa mjumbe wa serikali, na waliomsikiliza wakafanya kama yeye alivyofanya mwaka 1967: walikataa. Shabiki wa kweli hupenda kile bondia anachokisimamia, na hukikumbuka hata siku bondia mwenyewe anapokisahau.