Kiu ya Uwanda wa Makonde na Fungu Letu Watu wa Pwani



Huenda alfajiri ya leo uliinua birika iliyojazwa tangu jana, ukatia udhu, na maji yaliyosalia ukayamwaga uani bila ya kuyafikiri. Sikulaumu, kwani nami hufanya hivyo hivyo. Sisi watu wa pwani tumezaliwa juu ya visima. Wazee wetu wa Kilwa, wa Lindi na wa Mikindani walichimba pima chache tu wakapata maji, na msikiti ukijengwa kisima kilikuwa pembeni yake. Maji kwetu ni jambo la kawaida kama kivuli cha mwembe.

Basi nakuomba leo tufuatane mpaka kwa jirani zetu ambao jambo hilo kwao halikuwa la kawaida hata siku moja. Ukitoka Mtwara ukashika njia ya Nanyamba, ukapita Tandahimba na kuendelea mpaka Newala, unakwenda unapanda bila ya kujua kuwa unapanda. Ardhi inainuka polepole, mchanga mwekundu, mikorosho kulia na kushoto, mpaka ukifika Newala mara nchi inakatika kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini kabisa, katika ukungu, ni bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Watu wa Newala wamepaita mahali hapo Shimo la Mungu. Ukisimama pale ulimi wako utasema subhanallah wenyewe, bila ya kuamrishwa.

Lakini juu ya uwanda ule mpana hakuna mto wala ziwa. Usidhani kuwa ni jangwa. Mvua za huko si haba, huanza Novemba au Disemba zikaendelea mpaka Aprili. Ila mchanga wa huko ni mwingi na una kina kirefu, hauzuii kitu. Mvua ikinyesha huzama yote, ikashuka chini kwa chini mpaka pembezoni mwa uwanda, ikatokea huko mabondeni kwa njia ya chemchemi. Mwenye nyumba juu ya uwanda ananyeshewa mvua usiku kucha, kisha maji yake anakwenda kuyafuata kule chini kulikoteremka genge.

Sasa tulia ujiulize. Binadamu popote alipo amefuata maji. Wamisri walikaa na Nili yao, watu wa Iraki na Furati, na mji mtukufu wa Makka wenyewe ulianza kwa chemchemi ya Zamzam. Watu hawa wa uwanda walifanya kinyume. Kwa nini?

Wao wenyewe walikuwa na jibu. Mwaka 1906 alifika Masasi na Newala mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, na katika kitabu alichokiandika baada ya safari ile imo hadithi ya asili ya Wamakonde. Inasema kuwa mtu mmoja alitoka porini, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakaenda kukaa karibu na Ruvuma, mtoto wao akazaliwa maiti. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa maiti. Ndipo wakapanda juu kwenye vichaka vya Mahuta, pale pale ambapo leo ni katika wilaya ya Tandahimba, na mtoto wa tatu akaishi. Mzee yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwani huko yanakaa maradhi na mauti. Nyumba iwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja au zaidi.

Sisi Waislamu tunajua baba yetu Adam aliumbwa kwa udongo, kwa hivyo hadithi ya sanamu hatuichukui kuwa itikadi. Lakini msomaji mwenye busara haitupi hadithi ya wazee kwa sababu ya mlango wake. Mauti ya mabondeni yalikuwa ya kweli. Ilipofika mwaka 1897 ndipo daktari wa Kiingereza Ronald Ross alipothibitisha kuwa mbu ndiye anayebeba malaria, na mbu kwao ni maji yaliyotuama. Wazee wa Mahuta hawakuwa na darubini, lakini walizika watoto, wakahesabu.

Hata hivyo mbu si sababu pekee. Mabondeni ndimo zilimopita njia za watu, na katika karne ya kumi na tisa watu ndio waliokuwa wa kuogopwa zaidi. Wangoni walishuka kutoka magharibi wakipora. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, wakakichoma kituo cha misheni alichokianzisha Askofu Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Vichaka vya Makonde vilikuwa vizito, njia zake nyembamba za kupita mtu mmoja mmoja, na jeshi lililozoea uwanja wazi halikuwa na raha ndani yake. Kichaka kilikuwa ndicho boma lao, na kiu ndiyo iliyokuwa kodi ya boma hilo.

Wangoni hawakuwa peke yao. Hapa, ndugu msomaji, naomba usiufunge ukurasa. Misafara iliyopita katika nchi ile ikitoka upande wa Nyasa ilikuwa inakwenda wapi? Ilikuwa inakuja kwetu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za pwani hii kwa biashara ya watumwa, na Lindi na Mikindani nazo zilikuwa na fungu lao. Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuipiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, wafanya biashara wakageukia njia ya nchi kavu, hata ikabidi mwaka 1876 ipigwe marufuku na misafara ya nchi kavu pia.

Najua wako watakaosema kuwa khabari hizi wazungu wamezitia chumvi. Kweli wamezitia, na kweli pia Wafaransa walikuwa wanunuzi wakubwa Kilwa kwa mashamba yao ya visiwani, lakini jambo hilo wengi wao hawapendi kulitaja. Ila karafuu za Unguja na Pemba hazikujichuma. Wala hatuwezi kujificha nyuma ya sheria, kwani sheria yetu haikumhalalishia mtu kumvizia muungwana katika shamba lake na kumfunga kamba. Bwana Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa anayemuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu wake Siku ya Kiyama. Mtoto aliyekuwa akikatazwa na mama yake asiteremke peke yake kisimani juu ya uwanda ule, alikuwa akikatazwa kwa khofu ya nani? Wa kuogopwa walikuwa wengi, nasi tulikuwamo.

Na aliyelipa zaidi ni mwanamke. Kuteka maji ilikuwa kazi yake: kuteremka genge na mtungi mtupu, kungoja chemchemi ijaze, kisha kupanda na mzigo juu ya ngata, jua limeshapanda naye. Wakati wa kiangazi safari hiyo ilikula saa nyingi za siku. Wewe uliyejaaliwa kuhiji umekimbia kati ya Safa na Marwa mara saba, kwa kumbukumbu ya Bi Hajar alipokuwa akimtafutia maji mwanawe Ismail. Tumeifanya mbio ya mama mmoja kuwa ibada mpaka Kiyama. Wenzetu hawa walikuwa na Safa na Marwa yao ya kila siku, na sisi tulipowaona wamekuja mijini kwetu kutafuta kazi tuliwacheka kwa chale zao za usoni.

Katika vichaka hivyo hivyo, huko Luagala, ndipo alipokaa Machemba, mkuu wa Kiyao ambaye vitabu vya shule vinamtaja kwa barua yake ya Kiswahili ya mwaka 1890 kwa von Wissmann, akikataa kwenda kujidhalilisha mbele ya Mjerumani. Aliwasumbua mpaka mwaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Twajivunia barua ile, na ni haki. Ila wakuu wa zama zile waliishi kwa misafara, na misafara haikubeba pembe na mpira tu. Historia si kanzu ya Idi iliyopigwa pasi. Tukiivaa tuivae na mikunjo yake.

Jambo linalonistaajabisha kuliko yote ni hili. Muda wote ambao misafara yetu ilikuwa ikipita, watu wa vijijini wa huko kwa wingi wao hawakusilimu. Waliingia katika Uislamu baada ya misafara kukoma, katika karne ya ishirini, khasa baada ya balaa la vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907. Waliowafundisha wengi wao walikuwa walimu wa vijijini, wakulima kama wao, mwenye juzuu moja na jembe moja, na zikri za Kadiria zikaenea baraza kwa baraza. Leo utasikia adhana Tandahimba kama unavyoisikia Lindi. Sisi tuliokuwa na vyuo na majuzuu ya dhahabu tuliuzuia mlango kwa mnyororo. Ulipoondoka mnyororo, wakaingia wenyewe.

Maji nayo yana khabari yake, nitaifupisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ilitia pampu chini ya genge, maji yakapandishwa kwa mabomba, yakauzwa kwa debe. Baada ya uhuru, mwaka 1971 ulipangwa mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia maji kila mwanakijiji karibu na mlango wake, bila ya malipo. Ulipofika mwaka 1991 wengi walikuwa bado wanangoja, na sera mpya ikawataka wachangie. Juu ya uwanda, vyanzo vya maji vya Mitema na Mkunya ndivyo vilivyotegemewa, na mtambo ukiharibika au mafuta yakikosekana watu walirudi kwenye njia ya nyanya zao. Vichaka navyo vingi vimeondoka, vimeipisha mikorosho, ambayo imemletea mtu wa Tandahimba fedha na mashaka yake pia. Fedha hiyo imeezeka mabati, na bati likapata kazi nyingine: mwenye uwezo huchimba kisima cha saruji kando ya nyumba, akakinga mvua ya paa lake kabla mchanga haujainywa.

Kisima kimoja cha namna hiyo kando ya msikiti, kikipata paa la msikiti wenyewe, ni wakfu usiohitaji pampu wala mafuta. Sayyidna Uthman alinunua kisima cha Ruma kule Madina kwa mali yake, akawaachia Waislamu wanywe bure, maana mwenyewe wa kwanza alikuwa akiwauzia maji. Nasi huku pwani hufa mtu tukala wali wa hitima, na mirathi ikagawanywa bila ya mtu kukumbuka uwanda ule wala deni la babu zetu juu yake.

Niliwahi kulala usiku mmoja katika kijiji cha upande wa Mahuta, kiangazi. Alfajiri bibi mwenye nyumba aliniwekea maji ya udhu katika kopo la bati, karibu lijae. Nilitawadha kama nilivyozoea, na yaliyobaki nikainamisha kopo niyamwage chini ya mpapai.

"Baba, usimwage," akasema. "Yana kazi hayo."

Akalichukua kopo kwa mikono miwili, akayatia katika chungu cha kuoshea vyombo. Vyombo vilipokwisha kuoshwa, maji yale akawawekea kuku.