Habari za Malengo ya Masomo katika Nchi ya Bariadi na Simiyu, tangu Nassa hata Leo

Watu wengi wakisikia habari za malengo ya masomo hudhani ni jambo jipya, lililoletwa na maafisa wa elimu pamoja na fomu zao na chati za kubandika ukutani. Sivyo. Tangu siku ile mtoto wa kwanza wa nchi hii alipowekewa kitabu mbele ya macho yake, alikuwako mtu aliyekwisha kukata shauri mtoto huyo afike wapi, na kwa muda gani, na kwa faida ya nani. Habari tunazoziandika hapa ni za watu hao waliokata shauri, na za walimu waliopewa kazi ya kulitimiza. Maana mara nyingi hawakuwa watu wale wale, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kwanza yafaa tueleze nchi yenyewe. Mkoa wa Simiyu ni mtoto mdogo. Ulizaliwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, zilizotoka katika mkoa wa Shinyanga, na Busega iliyotoka Mwanza. Lakini nchi ni ya kale kuliko jina la mkoa. Wazee huijua kwa majina ya tawala za watemi: Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa, Mwagala. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, na kila mwalimu aliyefundisha huku anajua maana yake. Mvua zikinyesha, mtoto ana kazi shambani. Mvua zikikosa, ana kazi ya kufuata ng'ombe mbali kutafuta maji. Katika majira yote mawili daftari la mahudhurio huwa na mapengo. Basi lengo lolote lisilojua kalenda ya pamba na ya ng'ombe limekwisha kushindwa kabla ya kuandikwa.

Masomo yalianza pwani ya ziwa. Mwaka 1888 wamisionari Waanglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, mahali palipo leo katika wilaya ya Busega, kando ya ghuba ya Speke. Lengo lao lilikuwa moja, nalo lilieleweka na kila mtu: mtu ajue kusoma Injili kwa lugha yake mwenyewe. Mwaka 1909 Nassa ikakabidhiwa misioni ya Africa Inland, nayo ikashika njia ile ile. Agano Jipya zima kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia yote mwaka 1960.

Twaomba msomaji asilipite lengo hilo kwa haraka kwa sababu ni dogo. Lilikuwa na sifa tatu ambazo malengo mengi ya baadaye hayakuwa nazo. Mwanafunzi mwenyewe alilijua. Mwalimu aliweza kulipima pale pale chini ya mti, bila mtihani wa kutoka mbali, kwa kumpa mtu kitabu na kumwambia, "Haya, soma." Na tena lilikuwa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Upungufu wake nao ulikuwa mkubwa, hatuuficha: liliishia hapo. Hesabu ilikuwa kidogo, ufundi kidogo, na wasichana wengi walibaki nyumbani.

Zamani za Waingereza ndipo serikali ilipoanza kuweka mizani. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ilileta ruzuku kwa shule za misioni, lakini kwa sharti: shule ifuate mafundisho yaliyokubaliwa, walimu wake wawe wamefundishwa na kuandikishwa, na mkaguzi aje aone. Zile shule nyingi ndogo za vijijini, ambamo katekista ndiye aliyekuwa mwalimu, hazikupata kitu. Sisi hatuwalaumu waliotunga sheria hiyo kwa kutaka walimu waliofundishwa. Bila sharti hilo misioni nyingi zisingalijenga vyuo vya ualimu mapema. Walakini tangu siku hiyo lengo likahama kutoka chini ya mti likaenda ofisini, na mwalimu akaanza kufundisha akiwa na jicho moja kwa mtoto na jicho la pili njiani, akimtazamia mkaguzi.

Waingereza kwao walikuwa wamekwisha kuionja dawa hiyo. Mwaka 1862 bwana mmoja, Robert Lowe, aliweka kanuni ya kwamba sehemu kubwa ya fedha za shule itoke kwa kadiri watoto wanavyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Walimu wakawakaririsha watoto kitabu kile kile mpaka mtoto aweza kukisoma hata akikishika kichwa chini miguu juu. Kabla karne haijaisha kanuni hiyo ikafutwa.

Baada ya Uhuru yalikuja malengo makubwa zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, na sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misioni mikononi mwa serikali, zisibague mtoto kwa dini yake. Kisha, Novemba 1974, mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Musoma, si mbali sana na kwetu, ukaazimia kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa kwanza ulikuwa umeweka jambo hilo mwaka 1989. Miaka kumi na miwili ikakatwa kwa neno moja.

Hapo ndipo hesabu ilipofika mlangoni mwa vyuo vya ualimu. Walimu waliohitajiwa walikuwa makumi ya maelfu, na vyuo vyote vya nchi, pamoja na kile cha Butimba huko Mwanza, visingaliweza kuwatoa kwa muda huo hata vingalilaza wanafunzi barazani. Basi likatafutwa shauri ambalo mpaka leo wataalamu wa nchi nyingine hulisoma. Kijiji kikafanywa chuo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakapelekwa katika shule za vijiji. Kwa sehemu ya siku walifundisha watoto. Kwa sehemu nyingine walisoma wao wenyewe, wakiongozwa na mwalimu mlezi, kwa masomo yaliyoletwa kwa posta na kwa vipindi vya redio. Mwisho walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani, wakapewa cheti. Kazi hiyo ilianza mwaka 1976, na waliofaulu kwa njia hiyo walikuwa zaidi ya 35,000.

Vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Uhamisho wa miaka ya 1973 hadi 1976 ulikuwa umewakusanya watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mmoja na boma lake na ng'ombe wake. Basi kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane alisimama mbele ya darasa la watoto wengi katika kijiji ambacho hata wakazi wake walikuwa wageni. Watoto wa shule za msingi katika Tanganyika nzima walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakawa kama milioni 3.5. Hakuna nchi jirani iliyoona jambo kama hilo kwa muda huo.

Watu wakawacheka walimu hao. Herufi za UPE, ambazo kwa Kiingereza zilitaja elimu ya msingi kwa wote, wakazifasiri kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Sisi twaona dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Wengi wa wazee wetu wanaosoma kitabu hiki cha jubilei, mashemasi, wahasibu wa vyama vya pamba, wauguzi, hata maprofesa wengine, walifundishwa herufi na mmojawapo wa walimu hao. Kosa halikuwa la kijana aliyeitwa akaitika. Lengo lilihesabu watoto wangapi waingie darasani. Halikuhesabu mwalimu huyo ataendelezwaje akisha kupata cheti. Mwalimu mlezi akahamishwa, redio ikaisha betri, na uchumi wa nchi ulipodhoofika baada ya vita vya 1978 na 1979, vitabu navyo vikaadimika. Kijana akaachwa peke yake na chaki yake. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wakawarudisha watoto machungani, nao walikuwa na sababu.

Miaka ya kati tutaipita upesi. Mwanzoni mwa karne hii ada ya shule za msingi iliondolewa, madarasa yakajengwa, na kila kata ikahimizwa iwe na sekondari yake. Wananchi wa Maswa, Meatu na Bariadi walichota mchanga na kubeba mawe kwa mikono yao.

Kisha ukaja mwezi wa Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri, yaani kama sita katika kila kumi. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Mwaka huo huo serikali ikaleta mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, wenye malengo ya tarakimu: 60 katika mia wafaulu mwaka 2013, na 80 katika mia mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, zikatangazwa hadharani.

Waliofaulu mwaka 2013 walifika 58 katika mia. Lakini mwalimu mwangalifu atakumbuka kwamba mwaka huo huo vipimo vya alama vilibadilishwa, alama ya chini ya kufaulu ikashushwa. Mwaka uliofuata madaraja yakaondolewa ukaletwa wastani wa pointi, na baadaye madaraja yakarudishwa. Mwenye kupima pamba anayebadili jiwe la mizani kati ya msimu na msimu hawezi kumwambia mkulima kama mavuno yameongezeka. Wakulima wetu wanalijua jambo hilo sana. Wamegombana na mizani miaka mingi.

Mkoa mpya wa Simiyu ulizaliwa katikati ya misukosuko hiyo. Anthony Mtaka, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa tangu 2016 hata 2021, alishika sana neno la kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, na walimu hodari wa kila somo wakatolewa katika shule zao waje wawafundishe wote. Wazazi walichangia chakula. Faida moja twaiona kuwa kubwa kuliko zote, nayo haikutajwa sana katika hotuba: walimu wenyewe walikutana. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa peke yake katika sekondari ya kata, hana mwenzi wa kumwuliza, alimwona mwenzake akifundisha mada ile ile kwa njia nyingine, akarudi nayo. Hicho kilikuwa chuo, ijapokuwa hakikuitwa hivyo.

Mashindano nayo si mageni kwa Msukuma. Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma tangu zamani za mababu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo shule na shule kushindana, wilaya na wilaya, kulipokelewa vema. Ila katika ngoma kila mtu aweza kuingia uwanjani, mzee na mtoto. Kambi ilikuwa ya wale waliokaribia mtihani. Na mwalimu hodari akiitwa kambini, darasa lake la kwanza au la pili lilibaki na nani?

Huko madarasa ya chini ndiko twaona kiini cha jambo. Mtoto wa Itilima au Meatu huingia shule akijua Kisukuma tu, na siku hiyo hiyo huanza kufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu akiuliza swali, mtoto hukaa kimya. Naye huandikwa kuwa mzito. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014, Simiyu ikiwa mmojawapo wa mikoa yake, uliliona jambo hili. Ukaweka madarasa ya utayari katika vijiji vilivyokuwa mbali na darasa la awali: kwa wiki kadhaa, mtu wa kijiji kile kile aliwakusanya watoto kabla ya kuanza shule, akawasimulia hadithi, akacheza nao, akawazoesha Kiswahili polepole huku akiwaelewa wasemapo Kisukuma. Kazi ilikuwa ya gharama ndogo, na haikuhitaji chati ya rangi. Watu wa Nassa wa zamani wangaliifahamu mara moja.

Sasa lengo jingine limewekwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeamuru elimu ya lazima iwe miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba waliowatangulia. Na Januari 2028 vikosi vyote viwili vitaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Mkoa huu ulikuwa na watu 1,584,157 katika hesabu ya 2012, na 2,140,497 katika hesabu ya 2022. Madarasa yaweza kujengwa kwa miezi michache. Mwalimu wa hesabu wa Januari 2028 hana budi kuwa chuoni sasa, na mwalimu mlezi wa kumpokea sharti ajulikane kwa jina kabla hajafika. Katika vikao vya shule na vya parokia, tukisha kuulizwa habari za matofali na mabati, hilo ndilo swali tunalotaka liulizwe pia, na jibu lake liandikwe katika daftari lile lile.