Kutoka Indianola hadi Mwaloni wa Panna Maria

Anayetaka kuifuata njia ya waanzilishi wa parokia ya Panna Maria, kusini mwa Texas, anakwama hatua ya kwanza, maana bandari waliyoshukia haipo tena. Indianola ulikuwa mji wenye heka heka kando ya ghuba ya Matagorda. Kimbunga cha 1875 kiliubomoa, kile cha 1886 kikaumaliza, na wakazi wakahama moja kwa moja. Kilichobaki ni ufuko, upepo na kumbukumbu.

Hapo ndipo mwezi wa Desemba 1854 waliposhuka kama wakulima 150, waume kwa wake, pamoja na watoto wao, kutoka Silesia ya Juu, nchi ya Wapolandi iliyokuwa chini ya utawala wa Prusia. Walipanda meli iitwayo Weser huko Bremen, Ujerumani, wakavuka Atlantiki kwa majuma mengi, wakatia nanga Galveston tarehe 3 Desemba, kisha wakapelekwa Indianola. Kutoka pale hapakuwa na reli wala gari la abiria. Walikodi mikokoteni ya Wameksiko, wakapakia majembe ya kukokotwa, matandiko ya manyoya na msalaba mkubwa waliotoka nao kwao. Wao wenyewe wakatembea. Kutoka pwani hadi San Antonio ni zaidi ya kilomita 200, katika majira ya baridi, kwenye mbuga ambazo hawakuwahi kuziona hata katika picha. Wapo walioishia njiani kwa maradhi.

Nimeifuata safari hii mara nyingi kwenye ramani na katika maandiko ya watafiti, na kila mara najiuliza swali moja: mkulima mwenye nyumba, shamba na kaburi la babu yake anasukumwa na nini hata afike hapo? Jibu limo Silesia kwenyewe. Mnamo 1847 na 1848 njaa na homa ya chawa, yaani tifasi, ziliua watu wengi katika vijiji vile. Viazi vilioza shambani. Vita vya Crimea vikapandisha bei ya nafaka, na mwaka 1854 wenyewe mto Oder ukafurika. Katikati ya dhiki hiyo zikawa zinafika barua kutoka Texas.

Mwandishi wa barua hizo alikuwa padre kijana, Leopold Moczygemba, Mfransisko Mkonventuali aliyezaliwa mwaka 1824 katika kijiji cha Płużnica Wielka. Askofu Jean-Marie Odin wa Galveston alikuwa akitafuta mapadre wa kuwahudumia Wajerumani waliohamia jimboni mwake, na Moczygemba akafika huko mwaka 1852. Alihudumu New Braunfels na kwingineko, akaona ardhi ilivyo pana na watu walivyo wachache, akawaandikia ndugu zake. Kijijini barua ya padre si barua ya mtu mmoja. Husomwa, ikasomwa tena, ikapita nyumba hadi nyumba. Ndugu zake wa damu walisafiri, majirani wakafuata.

Msomaji wa Arusha huwajua Wapolandi kwa makaburi ya Tengeru, walikoletwa wakimbizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hao wa Tengeru waling'olewa kwao kwa mtutu. Wa Texas waliondoka kwa hiari yao, ikiwa njaa humwachia mtu hiari.

Moczygemba aliwapokea San Antonio, akawaongoza kama kilomita 90 kuelekea kusini-mashariki, hadi mahali kijito cha Cibolo kinapoingia katika mto San Antonio. Walifika tarehe 24 Desemba, mkesha wa Noeli. Hapakuwa na kibanda hata kimoja. Palikuwa na nyasi ndefu, nyoka wenye njuga mkiani na miti ya mialoni, na chini ya mwaloni mmoja padre akaadhimisha misa ya usiku. Kwetu tumezoea kigango kwanza, makuti au bati, katekista, na baada ya miaka mingi parokia. Hapa altare ilitangulia paa la mtu yeyote. Parokia ikawekwa chini ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, fundisho ambalo Papa Pius IX alilitangaza rasmi tarehe 8 Desemba mwaka huo huo, siku tano tu baada ya meli kutia nanga Galveston.

Baada ya Noeli ndipo palipoanza uchungu. Wengi walichimba mashimo ardhini, wakayaezeka kwa matawi na nyasi, wakalala humo. Ardhi ilikuwa mali ya John Twohig, mfanyabiashara wa San Antonio aliyezaliwa Ireland, naye aliwauzia kwa bei ya kuumiza. Hata hivyo walijenga kanisa la mawe, likabarikiwa tarehe 29 Septemba 1856, sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli. Mwaka huo mvua ilikatika, na ukame ukaendelea hadi 1857. Watu waliokimbia njaa wakaikuta imewatangulia.

Hasira ikamgeukia aliyeandika barua. Simulizi za kwao zinasema wapo waliotaka kumnyonga kwenye mti wa karibu, na wengine wakataka kumtosa mtoni. Kabla ya muongo ule kuisha alikuwa amekwisha kuondoka Texas. Mimi siwalaumu. Mama aliyemzika mtoto wake kandokando ya barabara ya Indianola ana haki ya kumdai majibu mtu aliyemwita. Lakini simlaumu sana padre pia, kwa kuwa aliwaita ndugu zake wa tumbo moja mahali hapo hapo; hakuwauzia wengine tumaini ambalo hakuwapa watu wa nyumbani mwake.

Parokia haikuvunjika. Baadhi walihamia Bandera mwaka 1855, na baadaye wengine wakaanzisha Cestohowa mwaka 1873, na jirani zao wakasaidia kueneza jumuiya za Kipolandi kandokando ya San Antonio. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikawakuta watu hawa wakiwa Kusini bila watumwa na bila ugomvi na Kaskazini, wakaandikishwa jeshini bila kutaka. Peter Kiolbassa, kijana wa Panna Maria, alitekwa Arkansas Post mwezi Januari 1863, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Baadaye alikuja kuwa mtunza hazina wa jiji la Chicago.

Vita vilipokwisha, wachunga ng'ombe wenye bastola waliwasumbua wageni hawa hata siku ya Bwana. Mwaka 1866 walifika mapadre wa Shirika la Ufufuko, na paroko Adolf Bakanowski akawa mtu wa kipindi hicho: waumini walikwenda misani na silaha, naye hakuogopa kuonekana na bastola. Serikali ikaweka askari mjini Helena, karibu nao. Mwaka 1868 Bakanowski alifungua Shule ya Mtakatifu Yosefu, inayohesabiwa kuwa shule ya kwanza ya Wapolandi nchini Marekani. Radi ililiharibu kanisa mwaka 1875, wakalijenga upya na kulimaliza katika miaka iliyofuata.

Na Moczygemba? Aliendelea kuhudumu Marekani, akasaidia kuanzishwa kwa Seminari ya Watakatifu Kirilo na Methodi ya Detroit, ambako mapadre wa wahamiaji wenzake walifunzwa. Ruhusa ya kuianzisha aliipata kwa Papa Leo XIII mwaka 1879. Alifariki Detroit tarehe 23 Februari 1891, akazikwa huko, mbali na mwaloni wake. Mwezi Oktoba 1974 wana wa Panna Maria wakamrudisha, wakamzika chini ya mwaloni, kando ya kanisa. Vitukuu ndio waliolipa deni la mababu zao, au pengine waliona tayari lilikuwa limelipwa.

Mwaka 1987 Papa Yohane Paulo II, Mpolandi, alipozuru San Antonio, alikutana na watu hawa. Karne moja na theluthi baada ya Weser, wazee wa Panna Maria walikuwa bado wakizungumza Kisilesia, lugha ya vijiji ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvikanyaga. Kituo cha urithi wa Wapolandi kilichofunguliwa kijijini mwaka 2021 kinahifadhi habari zao, na katika kijiji chenye watu wasiofika mia moja misa bado inasomwa kanisani.