Bei ya Mashine Si Gharama ya Kazi

Shikeni madaftari na penseli, maana somo la leo ni la historia, lakini lina hesabu ndani yake.

Juma lililopita mama mmoja wa darasa la Matamba aliniuliza hivi: "Mwalimu, mwanangu ataka tununue mashine ya leza, tufungue duka Makambako. Fedha za kununulia tutakopa, na shamba letu la viazi tutaliweka rehani. Je, tufanye?"

Kabla ya kujibu, nilimpa habari ya Kongwa. Nanyi isikilizeni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kuja huku. Walizunguka majuma machache, kisha wakasema karanga zaweza kulimwa katika eka zaidi ya milioni 3, nyingi zao Tanganyika. Waliandika kwamba kazi itagharimu pauni karibu milioni 25. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika Jimbo la Kati.

Matrekta yalihitajiwa upesi, na mapya hayakupatikana. Basi yalinunuliwa matrekta ya jeshi yaliyobaki baada ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Bei yake ilipendeza. Lakini vipuri vilikuwa wapi? Mafundi walikuwa wapi? Mchanga wa Kongwa ulikula vyuma vya majembe kama tupa ilavyo chuma. Wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mgumu kama matofali. Mizizi ya vichaka ilivunja vyombo. Maji yalikuwa haba, na reli na bandari zilikuwa hazitoshi kwa mizigo mingi namna ile.

Kabla ya mwaka ule kwisha, matrekta mengi yalikuwa yamelala karakana, yakingoja kutengenezwa. Walikusudia kupanda eka 150,000 mwaka wa kwanza. Wakapata eka 7,500 hivi. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule. Hasara ilipita pauni milioni 35.

Ndugu msomaji, usidhani walikuwa watu wasiojua hesabu. Walikuwa na wataalamu, makarani na vitabu vya hesabu tele. Yalikuwako makosa mengine pia, kama vile kutoijua mvua ya pale. Lakini kosa tunalolitazama leo ni hili: waliijua bei ya kununua, hawakuijua vema gharama ya kutumia.

Sasa turudi Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Leza ni nini? Ni mwanga uliokusanywa pamoja ukawa na nguvu nyingi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel alitengeneza leza itumiayo gesi ya kaboni dioksidi. Jamii hiyo ya leza ndiyo iliyomo katika mashine nyingi ndogo zinazochonga mihuri ya mpira, vibao vya majina na ngao za washindi.

Ndani ya mashine hizo mna bomba la kioo lenye gesi. Bomba hilo huchakaa kama tairi la gari. Siku moja nguvu zake hupungua, nalo lazima linunuliwe jingine. Mna vioo na lenzi zinazochafuka na kuungua. Mna pampu ya maji ya kulipoza bomba, na feni ya kutoa moshi. Nanyi watu wa Makete mnaijua sakitu ya Juni na Julai. Maji yakiganda ndani ya bomba usiku, kioo hupasuka.

Haya, andikeni. Tarakimu hizi ni za zoezi tu. Kila mtu atafute zake. Duka lapata shilingi 900,000 kwa mwezi. Mpira na mbao ni 180,000. Kodi ya chumba ni 150,000. Kulipa mkopo ni 200,000. Jumla ni 530,000. Zabaki 370,000. Mtu hufurahi, akasema, "Nimetajirika!"

Ngoja kwanza. Umeme ni 80,000. Akiba ya kununulia bomba jipya ni 100,000. Vioo na lenzi ni 30,000. Kazi zilizoharibika, ambazo mteja hazilipii, ni 40,000. Leseni na ushuru ni 40,000. Jumla ni 290,000. Toa katika 370,000. Zabaki 80,000 tu, na kijana mwenyewe bado hajalipwa mshahara. Twajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba huweza pia kukimaliza.

Sisemi kwamba msinunue mashine. Nasema mwulize muuzaji mambo matatu kabla ya kutoa fedha: Kipuri gani huchakaa kwanza? Chauzwa wapi na kwa bei gani? Fundi yuko wapi? Kisha wekeni fedha za miezi michache kando, msiziguse.

Yule mama alipokwisha kusikia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi shamba lisiwekwe rehani kwanza. Mwanangu akafanye kazi kwa mwenye mashine, aione ikiharibika." Naam. Kongwa hawakungoja kuiona ikiharibika.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini matrekta ya Kongwa yalilala karakana?
2. Taja gharama tano ambazo mwenye duka alizisahau.
3. Fikiri juu ya chombo kimoja ulicho nacho nyumbani, kama baiskeli au cherehani. Andika gharama zake za mwaka mzima.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.