Hanoi 1972: Mabomu Hayakuuvunja Umma Uliojiandaa

Kati ya tarehe 18 na 29 Desemba, 1972, mabeberu wa Kimarekani walituma ndege za B-52 kuupiga mji wa Hanoi na bandari ya Haiphong, ili kuilazimisha Vietnam ikubali masharti yao. Raia zaidi ya 1,600 waliuawa. Mtaa wa Khâm Thiên ulibomolewa. Lakini watoto na wazee wengi walikwisha kuhamishiwa vijijini, na makombora ya Kisovieti, yakiendeshwa na vijana wa Vietnam, yaliangusha B-52 zipatazo 15 kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe. Mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 27 Januari, 1973, haukutofautiana sana na rasimu ya Oktoba. Tunajifunza nini? Silaha ni lazima. Kinachoamua ni umma uliojiandaa kabla adui hajafika.