Msikilizeni Squealer

Muulize mtu aliyesoma Animal Farm shuleni kitabu kile kinahusu nini. Mara nyingi utapewa orodha. Napoleon ni Stalin. Snowball ni Trotsky. Boxer, yule farasi, ni mfanyakazi. Mbwa ni polisi wa siri. Kwisha kazi, mtihani umefaulu! Orodha ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuikariri yote na kesho yake asubuhi akadanganywa na mwanasiasa wa kawaida tu.

Nani amesahaulika hapo? Squealer, yule nguruwe msemaji. Kwangu mimi ndiye mhusika mkuu, na historia ya mwandishi mwenyewe inaniunga mkono.

George Orwell, ambaye jina lake halisi ni Eric Arthur Blair, alizaliwa India mwaka 1903 na akawa polisi wa wakoloni wa Kiingereza kule Burma. Mwaka 1937 alikuwa Hispania akipigana dhidi ya majeshi ya Franco, akapigwa risasi ya shingo. Kabla hajapona vizuri, chama cha POUM, ambacho alipigana katika wanamgambo wake, kilipigwa marufuku. Wenzake wakatiwa ndani, na magazeti ya Kikomunisti yakawaita vibaraka wa mafashisti. Watu aliokaa nao kwenye mahandaki! Yeye na mkewe wakakimbilia Ufaransa. Orwell alibaki msoshalisti, lakini alikuwa ameshaona jinsi maneno yanavyoweza kumgeuza shujaa kuwa msaliti kwa wiki chache.

Moscow nako ilikuwa hivyo hivyo. Trotsky, aliyeliongoza Jeshi Jekundu, alifukuzwa nchini mwaka 1929, akafutwa hata kwenye picha, na akauawa Mexico mwaka 1940. Katika kesi za 1936 hadi 1938 wanamapinduzi wakongwe walisimama mahakamani wakakiri makosa ambayo hawakuyatenda.

Sasa mrudie Squealer. Nguruwe wanapojitwalia maziwa na matufaha, anaeleza kwamba hata hawayapendi. Wanakula kwa faida ya wote, na sayansi imethibitisha. Kisha anatoa silaha yake: mnataka Jones arudi? Wanyama wakilala njaa, anawasomea takwimu kwamba uzalishaji umepanda. Amri ya kutolala kitandani inaongezewa neno kuhusu mashuka, na wengi hawajui kusoma. Snowball anatoka kuwa shujaa wa vita hadi kuwa wakala wa adui tangu siku ya kwanza. Hofu, utaalamu, takwimu, kufuta kumbukumbu. Hiyo ndiyo balagha, na haihitaji Mrusi hata mmoja.

Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye mikutano na kalamu mkononi. Nimeshasikia swali la bei ya unga likijibiwa kwa hadithi ya maadui wa maendeleo, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Waliopiga makofi wengi wana digrii.

Na msidhani ni ugonjwa wa upande mmoja. Mwaka 1944 wachapishaji kadhaa wa London walikikataa kitabu hiki, wakati Stalin alikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Barua ya kukataa kutoka Faber iliandikwa na T. S. Eliot. Kilitoka Agosti 1945. Mwaka 1954 ikatoka filamu ya katuni iliyogharamiwa kwa siri na CIA, na mwisho wa hadithi ukabadilishwa ili wanyama wawapindue nguruwe. Kitabu kinachoonya dhidi ya propaganda kikafanywa propaganda!

Huku kwetu Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Kilichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1991 igizo lililotokana na hadithi hiyo lilipigwa marufuku Kenya. Waliopiga marufuku hawakuwa wakimfikiria Stalin, ama sivyo?

Kwa hiyo ningekuwa mwalimu, orodha ingesubiri. Siku ya kwanza ningeandika amri saba ubaoni na kukataza mtu kuzinakili. Kila wiki ningebadilisha neno moja kimya kimya, nione nani atashtuka. Halafu mwanafunzi mmoja awe Squealer, atetee maziwa kwa ufasaha wote alionao. Mwingine awe kuku, na asiruhusiwe kutukana, aulize tu: sayansi hiyo iko wapi? Nani alihesabu? Jones anaingiaje kwenye maziwa?

Kijana akizoea kuuliza maswali hayo matatu darasani, atayauliza pia kwenye mkutano wa kampeni. Stalin alikufa mwaka 1953. Squealer bado ana kipaza sauti.